Maneno Niliyomtilia Baba Askofu Kinywani

Wasomaji na makatekista wenzangu, kaeni. Kaeni jamani, msinisimamie mimi. Baba Paroko ameniomba niseme nanyi katika mafungo haya, akataka iwe baada ya chakula. Nimemwambia afadhali iwe kabla, maana mkishanisikia huenda wengine mkakosa hamu ya kula na mimi meza moja. Sitataja jina la mtu. Mama mmoja ambaye habari hii ni yake kuliko ilivyo yangu amenipa ruhusa kuisema, akaniwekea sharti moja tu, nisijisafishe. Basi nitajitahidi, ingawa mnaonijua mnajua nikishika kipaza sauti nakuwa mtu mwingine.

Mimi nimetoka bara, Kitui, nikashuka pwani nikiwa msichana kutafuta kazi. Nikapata ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na mpaka leo nafua mashuka. Ukatekista ni wa Jumapili, kwenye kigango chetu kule ndani, ukishapita Kombani ukaacha lami. Padre hutufikia mara moja kwa mwezi akijaliwa. Jumapili nyingine zote ibada naongoza mimi. Yaani nilikuwa naongoza.

Sasa nyote mnajua desturi ya Baba Askofu wetu. Kila kipindi cha mwaka wa Kanisa hutuandikia barua: Majilio, Kwaresima, Pasaka, na moja katikati ya kile kipindi kirefu cha kawaida. Si barua za amri. Ni mzee anayezungumza juu ya imani yake mwenyewe, inavyopanda na kushuka mwaka ukizunguka. Pasaka moja alituandikia kwamba aliimba Aleluya huku goti likimuuma mpaka akamsahau Mungu, akalikumbuka goti tu. Watu walicheka kanisani, na wakampenda zaidi.

Barua ikija kigangoni ni nakala moja. Haibandikwi ukutani, kwa sababu mchwa wetu hawamjui askofu. Anaipokea katekista, anaisoma mbele ya watu, anaiweka kwenye sanduku la vitabu na kufuli. Kwa hiyo watu wetu wengi hawajawahi kuona mwandiko wa Baba Askofu wala sahihi yake. Sauti ya Baba Askofu wanayoijua wao ni hii yangu. Nami nilikuwa naringa nayo, nawaambia ukweli. Watu walikuwa wakinisifu, "Mama Katekista ukisoma barua, utadhani askofu yumo humu ndani!" Nikirudi nyumbani kichwa hakiingii mlangoni.

Kwaresima ya mwaka jana mnakumbuka ilikwenda pamoja na Ramadhani. Jumatano ya Majivu ilikuta majirani zetu wamekwisha anza kufunga. Sisi tunafunga, wao wanafunga, mtaa mzima midomo imekauka.

Katika kigango chetu yuko mama mmoja, mjane, Mduruma. Alizaliwa Mwislamu, akabatizwa alipoolewa na mwanamume wa bara. Mama yake mzazi alibaki katika dini yake, na hakumgombeza bintiye hata siku moja. Bibi yule alikuwa mzee, macho yamekwisha, ana ugonjwa wa sukari, na ukimwambia asifunge anakuuliza wewe ni nani. Basi kila mwaka mwezi wa Ramadhani ukiingia, mama huyu wa kwetu hutoka kwake alasiri na sufuria kichwani, kwenda kumpikia mama yake futari. Muhogo wa nazi, uji wa pilipili manga, siku ya neema na samaki. Watakaa mkekani wafuturu pamoja, kisha arudi.

Mimi nilikuwa namwona akipita na ile sufuria. Na nikimwona, moyo unanichemka.

Nitasema kwa nini, ila si sasa. Wacheni niseme kwanza nilichokifanya.

Barua ya Kwaresima ililetwa siku ya Ijumaa. Nikaisoma nyumbani peke yangu, kama kawaida, nijue pa kupandisha sauti na pa kushusha. Katikati nikakutana na mahali ambapo Baba Askofu ameandika hivi, na sasa nayajua kwa moyo: "Mwaka huu Kwaresima yetu na Ramadhani ya ndugu zetu Waislamu zimekwenda pamoja. Msiwaache wazee wao wafuturu peke yao. Wapelekeeni chochote mlicho nacho, mkae nao."

Nilikasirika! Nikasema huyu mzee anakaa mjini, hajui tunavyoliwa watoto wetu huku. Nikachukua kalamu. Ndugu zangu, nawaambia, kalamu nilichukua kwa mkono huu mnaouona. Nikayakata yale maneno kwa mstari, na pembeni nikaandika yangu, kwa lugha ya barua, maana miaka yote ile nilikuwa nimeshajifunza anavyoandika. Jumapili nikayasoma kwa sauti yangu nzuri: "Na wale wanaoketi kwenye futari za watu wa dini nyingine katika siku hizi takatifu, wasikaribie Meza ya Bwana mpaka watakapotubu."

Wanakwaya wakatazamana. Baada ya ibada watu wakatawanyika, na jioni ile ile wengi wao walikuwa kwa majirani wakila sambusa na tambi kama kawaida. Watu wa pwani wamezaliwa pamoja, huwezi kuwatenganisha kwa karatasi. Hawakugomba, hawakuuliza, waliyaacha yale maneno pale pale kanisani wakaenda zao.

Aliyetii ni mmoja tu. Yule mama.

Nikaacha kumwona akipita na sufuria. Siku ya kwanza nikasema pengine mgonjwa. Siku ya tatu nikajua. Na nilifurahi. Nasikia aibu kulitamka neno hilo mbele ya msalaba, lakini nimeambiwa nisijisafishe. Nilifurahi. Jumapili alipokuja kupokea Ekaristi nikajiambia, unaona, barua imemsaidia.

Idd ikapita. Sisi tukaingia Juma Kuu, tukaimba Aleluya. Katika siku zile za Pasaka nikasikia yule bibi ameugua, amepelekwa hospitali, na wiki haikuisha akafariki. Nilikwenda msibani na akina mama wa jumuiya. Nikakaa kwenye jamvi nikala wali wa matanga. Nikampa yule mama pole, akanishika mkono, akaniambia, "Asante mama, Mungu akulipe." Mimi nikaitikia amina.

Sisemi ni mimi niliyemuua bibi. Alikuwa mtu mzima na maradhi yake. Lakini jinsi alivyofunga mwezi wake wa mwisho nilikuja kuambiwa baadaye, na hilo nitalieleza likifika mahali pake.

Mwezi wa Agosti Baba Askofu akatufikia kwa Kipaimara. Mnajua kigango kikipata ugeni wa askofu. Tulipaka chokaa mpaka mawe ya njiani. Baada ya misa akakaa chini ya turubai, watu wakawa wanakwenda kumsalimia mmoja mmoja, nami nimesimama ubavuni kwake na sahani ya matunda, nimejaa kama mwenye harusi. Yule mama akaja. Akapiga goti, akabusu pete.

"Shikamoo Baba Askofu."

"Marahaba mama. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo Baba. Nina swali. Ile barua yako ya Kwaresima niliitii, sikwenda kwenye futari ya mama yangu. Sasa mama ameshafariki, na kwenye arobaini yake nilikwenda, nikala. Nilitaka kujua kama nimekosa tena, nitubu."

Baba Askofu akamtazama. "Mama, barua ipi hiyo? Mimi nilikukataza kwenda kwa mama yako?" Kisha akageuka kwangu. "Katekista, niliandika hivyo?"

Tulikuwa watatu tu pale, wengine wako kwenye pilau. Nafasi ilikuwepo, ningesema tu. Sahani ikawa nzito mkononi. Nikasema, "La, Baba. Hukuandika hivyo. Pengine mama alisikia vibaya."

Nami sikuwa nimesema uongo, sivyo? Kweli hakuandika. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Yule mama akainamisha kichwa. Akasema, "Pengine, Baba. Shule yangu ndogo, na siku ile watoto walikuwa wanapiga kelele. Pengine masikio yangu. Nisamehe, Baba." Kisha akanigeukia na mimi. "Nisamehe na wewe, Mama Katekista. Nimekutia aibu mbele ya mgeni."

Jamani.

Baba Askofu alimshika kichwa akambariki, akamwambia hana kosa lolote, si la futari wala la arobaini. Mimi akanitazama tu, wala hakuniuliza tena. Nikampa papai.

Tangu siku ile sikulala vizuri. Kazini nikawa naunguza mashuka ya wageni kwa pasi, msimamizi ananiuliza, "Mama, una nini siku hizi?" Namwambia presha. Jumapili naongoza ibada, naimba, nasali, na macho yangu hayatui kwenye benchi lile analokaa yeye. Nawaambia ndugu zangu, kumkosea mtu ni jambo moja. Mtu uliyemkosea akikuomba radhi yeye, unabaki huna pa kujificha.

Ikaja Majilio na barua yake. Safari hii sikuisoma nyumbani. Niliogopa kuifungua peke yangu na kalamu iko karibu. Nikaifungua pale pale mbele ya watu, nikaanza. Baba Askofu alikuwa akieleza kwamba Majilio yanamwia magumu. Aliandika kwamba alipokuwa padre kijana alimkatalia mtu mmoja kumzika baba yake kwa ibada, akasingizia sheria ya Kanisa, na kumbe ilikuwa hasira yake mwenyewe tu. "Kila Majilio," aliandika, "nilisema mwaka huu nitakwenda kumwomba radhi. Nilipokwenda nikaonyeshwa kaburi lake."

Hapo sauti ilinikatika. Ile sauti niliyokuwa naringa nayo! Nikakaa kwenye ngazi ya altare, watu wakanipepea kwa vitabu vya nyimbo, wakasema ni malaria, nipewe maji.

Jumatatu ni siku yangu ya mapumziko. Nikafungua sanduku, nikatoa ile barua ya Kwaresima, nikaikunja nikaitia kwenye mkoba, nikaenda kwake. Nilimkuta uani anashona makuti. Akainuka kunipa kiti. Nikakataa kiti. Nikamwambia nimesimama, kwani nikikaa sitasema. Nikamweleza. Hukusikia vibaya, masikio yako ni mazima. Maneno yale yalisomwa, na aliyeyaandika ni mimi.

Akasema, "Ati?"

Nikarudia.

"Kwa hiyo Baba Askofu hakunikataza."

"Hakukukataza."

"Aliandika nini, basi? Nisomee yeye alivyoandika."

Nikaitoa. Nikamsomea yale niliyoyakata, kupitia ule mstari wa kalamu. Msiwaache wazee wao wafuturu peke yao. Wapelekeeni chochote mlicho nacho, mkae nao. Mikono yake ikaacha makuti. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele, au angenizaba kibao. Akaniambia hivi, pole pole: "Nilikwenda kumuaga Jumapili ile ile ya barua. Nilimwambia, mama, mkubwa wetu wa dini amekataza nisije kwako mpaka mwezi uishe. Unajua alinijibu nini? Alisema, basi mtii mkubwa wako, mwanangu. Mimi nina tende. Akafuturu kwa tende na maji siku zote zilizobaki, jirani akimkumbuka anamletea uji. Mimi niko nyumba ya tatu kutoka hapo, namsikia akikohoa."

Kisha akasema, "Nenda." Akarudi kwenye makuti yake.

Nilikwenda. Sikurudi nyumbani, nilikwenda moja kwa moja mpaka kwa Baba Askofu, na nguo zile zile za vumbi. Walinzi walinikawiza, lakini yeye aliposikia ni katekista kutoka vigango vya ndani akasema niingizwe. Nikamwekea barua mezani. Akavaa miwani, akausoma mwandiko wangu pembeni ya maneno yake. Akausoma mara mbili. Nilitegemea anifukuze. Nilitegemea sheria, adhabu, maneno makubwa. Akaniuliza kitu kimoja.

"Mama, sentensi hii ulikuwa unamwandikia nani?"

Nikamwambia, yule mama wa sufuria.

"Hapana," akasema. "Yule hukuwa na ugomvi naye. Ulikuwa unamwandikia nani?"

Hapo ndipo nilipolia. Kwa sababu, ndugu zangu, sasa naisema ile niliyoiweka kando. Nina binti mmoja. Aliolewa Msambweni na kijana Mwislamu, akasilimu. Kijana mwema, fundi wa mabomba, hakunikosea kitu. Mimi harusini sikwenda. Binti alipiga simu, sikupokea. Alipojifungua alituma picha ya mtoto, nikaifuta kabla haijafunguka vizuri. Mwaka wa tatu huo. Na kila nilipomwona mwenzangu akipita na futari ya mama yake, nilikuwa namwona mzazi aliyepatwa na jambo lile lile lililonipata mimi, mtoto wake amekwenda dini nyingine, na bado mtoto anakuja kwake na chakula. Bibi kipofu alijua kumtunza mwanawe. Mimi katekista sikujua. Ndiyo wivu wangu huo. Nikatumia jina la Kanisa kuukunja mkeka nilioutamani mwenyewe.

Baba Askofu akaniacha nilie mpaka niishe. Nikamwuliza kama ile barua ya Majilio aliiandika kwa ajili yangu, kwa kuwa alinishuku ile siku ya Kipaimara. Akacheka kidogo. "Usijipe ukubwa, mama. Barua za Majilio nazipeleka kwa mpiga chapa mwezi wa Julai. Yale yalikuwa yangu." Kisha akaniambia mambo mawili. Nitasimama kigangoni Jumapili niseme mwenyewe. Na kusoma nitaacha, nikae benchini nisikilize, mpaka yeye atakapoona vyema. Yule mama alimwandikia barua kwa mkono wake. Ilisema nini sijui. Safari hiyo haikupitia kwangu.

Nikasimama Jumapili. Mzee mmoja wa Kanisa alitoka nje sijamaliza, akaupiga mlango. Mwanakwaya mmoja akasema, "Kumbe!" kwa sauti, na kanisa zima likamsikia. Hakuna aliyenipepea siku ile. Wiki kadhaa nilikuwa nakaa benchi la nyuma peke yangu, watu wakijibana mbele.

Walipoulizwa nani asome badala yangu, jumuiya wakamtaja yule mama. Akasema yeye kusoma kwake ni kwa kukwama. Wakamwambia, basi kwama.

Anasoma kwa kidole. Akifika neno refu anasimama, analivunja vipande, analirudia. Watoto wanahema, wazee wanakohoa. Lakini kidole hakiruki neno. Kwaresima ya mwaka huu, Jumapili ya kwanza, alisoma barua mpya ya Baba Askofu. Akafika mahali palipoandikwa, "Kama yupo mtu aliyekuumiza, naye yumo humu kanisani leo, usingoje Pasaka." Kidole kikasimama. Kanisa zima lilijua kwa nini. Ningekuwa mimi, ningeruka mstari, nani angejua? Yeye akarudisha kidole mwanzo wa sentensi, akaisoma tena yote, kisha akaendelea.

Baada ya ibada alinikuta nje ya mlango. Akasema, "Umesikia?"

Nikasema, "Nimesikia."

"Mimi na wewe yamekwisha. Sisemi hayaumi. Nasema yamekwisha." Kisha akaniuliza, "Na Msambweni unakwenda lini?"

Kumbe Baba Askofu alimwandikia na hilo? Au watu wa kigango walishajua zamani? Sikuuliza.

Ndugu zangu, nawashukuru. Nawashukuru watu wa kigango changu, waliosogea tena benchi la nyuma mmoja mmoja bila kusema neno. Namshukuru Baba Askofu, ambaye hakunifunika wala hakunivunja. Yule mama shukrani zake sina maneno yanayotosha, naye amenikataza kuzirefusha. Na ninyi wasomaji, ninalowaombeni ni hili. Ukipewa karatasi usome mbele ya watu, soma kilichoandikwa. Kikikuchoma, soma hivyo hivyo. Watu hawaoni karatasi, wanakuamini wewe, na hujui ni nani pale benchini atakayekwenda nyumbani akatii.

Namalizia. Jumatano iliyopita, Ramadhani ya mwaka huu ikiendelea, niliomba ruhusa kazini, nikashuka Msambweni jua likiwa bado liko. Sikwenda na kitu kikubwa, ndizi tu za kupika na nazi mbili. Nikapiga hodi. Binti yangu akafungua, mtoto yuko mgongoni, mikono ina unga wa mkate wa sinia. Miaka mitatu. Alinitazama mpaka nikadhani atafunga mlango. Kisha akasema, "Shikamoo mama," akanipokea ndizi. "Umekuja wakati mzuri. Nisaidie kukuna nazi ya futari, adhana imekaribia."

Nikavua viatu, nikakaa kwenye mbuzi, nikakuna.